Umeniombea Nini?

7 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba kwa siku zote ambazo sikuandika. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mikono imejaa unga kama kawaida yako, na tanuri linakutii. Mimi sijambo. Mafua yalinishika mwanzoni mwa mwaka, yakakaa mpaka yakanichoka yenyewe, yakaondoka. Chumba nilichohamia kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ni ukuta mzuri, umepakwa rangi majuzi.

Kazini wamenihamishia meza ya kung'arishia. Meno ya bandia yakishatoka kwenye plasta yanakuja kwangu, nami nayasugua mpaka yapendeze. Juzi alikuja mwalimu mstaafu kuchukua yake ya juu. Akayavaa, akajitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema, "Binti, haya yamenizidi hadhi." Mpaka sasa sijui alikuwa anasifu au analalamika.

Ningekupigia, lakini najua simu unaiweka ndani ya debe la sukari isikusumbue, na siku nikibahatika kukupata unanipigia makelele utadhani tumesimama ng'ambo mbili za mto. Kwenye barua angalau unanong'ona.

Haya, lililonileta ni hili. Jumapili mchungaji wetu alisimama akasema, "Wote ambao wiki hii mmemwambia mtu 'nakuombea', simameni." Kanisa zima tukasimama, wengine kwa majivuno kabisa. Akasema, "Sasa ambao hamkuomba, kaeni." Shangazi, ulisikia benchi zikilia mpaka huko? Tulikaa karibu wote. Mchungaji mwenyewe alisimama kidogo, akatafakari, akavuta kiti akakaa. Alibaki bibi mmoja tu, na tulipokwisha kumshangaa tukagundua hasikii vizuri, alikuwa hajaelewa tunafanya nini.

Nikarudi nyumbani nikaitoa barua yako ya mwisho. Umemaliza hivi: "Nakuombea usiku na mchana." Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima zote: umeniombea nini? Ikiwa ni usiku na mchana, basi mambo ni mengi, na mimi ningependa kuyajua.

Tupeane ahadi. Kuanzia sasa hakuna kuandika "nakuombea" kavukavu. Mtu aandike alichoomba, hata kama ni kidogo, na kama hakuomba aandike habari za hali ya hewa. Mimi naanza: jana nimekuombea mgongo wako, hasa ule upande wa kushoto unaokusumbua ukiinama kwenye tanuri.

Halafu, mama hajambo? Barua yako ilijaa majirani wote pamoja na paka wao. Yeye sikumwona.

Mpwa wako mwenye vumbi la plasta

26 Februari

Mwanangu, Bibi Maswali,

Marahaba. Ile ya akiba nimeiweka kabatini, nitaitumia siku utakayonitia hasira, na naona siku yenyewe haiko mbali.

Sisi huku wazima. Baba yako bado anahangaika na mabomba ya watu. Juzi ameziba la jirani, likapasuka letu. Anakula kwangu mchana, anakula kwake jioni, na huku na kule hasemi kitu zaidi ya "mh". Kaka yangu huyu angefaa kuwa balozi. Biashara ya mikate inakwenda. Msichana anayenisaidia kukanda ameolewa, amehama, kwa hiyo donge lote sasa ni la mikono yangu miwili.

Sasa hilo swali lako. Kwanza nilikasirika. Mimi naongoza kikundi cha maombi cha akina mama tangu hujajua kufunga kamba za viatu, halafu unanikagua! Nikaikunja barua nikaitia chini ya mfuko wa unga. Jioni nikapiga magoti nikasema, haya, namwombea huyu mtoto. Nikasema, "Bwana, mjalie mema yote." Kisha nikajiuliza, mema yapi? Nikatafuta, nikakuta sijui hata unakula nini asubuhi. Nikalala pale pale magotini, nikaamshwa na shingo.

Kwa hiyo umenishinda, ila usilitangaze. Nimekubali ahadi. Juma hili nimekuombea haya: dirisha lako lipate kutazama kitu, mafua yasirudi, na yule kijana mpima viwanja uliyemtaja mwaka jana kisha hukumtaja tena, kama alikuwa mwema arudi, na kama hakuwa mwema apotelee huko huko viwanjani. Umetaka ukweli, ndio huo.

Mgongo umepata nafuu, upande wa kushoto. Ungeutaja na wa kulia.

Mama yako yupo. Anapumua. Namsikia ukutani.

Mimi shangazi yako, mwenye tanuri

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kuna nini. Mpima viwanja hajarudi, nadhani sala yako imempata. Asubuhi nakula uji na ndizi. Mgongo wa kulia nimeuombea, naomba radhi kwa kuusahau.

Hapa nyumbani tuna maji siku nyingine, siku nyingine tuna ndoo. Bosi ameleta mashine mpya ya kusagia inayopiga kelele kuliko kanisa. Tunaizoea.

Lakini Shangazi, "anapumua"? Nimeisoma sentensi hiyo nikakosa hamu ya uji wangu. Wewe na mama mmeishi ua mmoja tangu sijazaliwa. Mmoja akipika, mwingine anaonja chumvi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa sijui nani amenizaa mpaka mwalimu alipotaka jina la mzazi. Nimekulia kwenu nyote wawili, na sasa nikiwaza nyumbani naona mlango wa katikati ya ua umefungwa, na roho inaniuma. Sisemi kwa kukulaumu. Nasema kwa sababu inauma.

Kuna nini? Nikimpigia mama ananijibu "sijambo", "ndiyo", "haya", basi, simu imekatika. Nikimwuliza baba, anasema "mh".

Ni wewe uliyenifundisha lile fundisho gumu, la kumwombea anayekuudhi. Nilikuwa darasa la pili, nimemchukia msichana aliyenimwagia wino, ukanikalisha kwenye gunia la unga ukasema sishuki mpaka nimwombee jambo moja zuri. Nilikaa pale mpaka nikawa mweupe. Basi nauliza: wifi yako umemwombea nini?

Wiki hii nimekuombea ujasiri. Ndiyo, nimeandika ujasiri.

Mpwa wako

9 Aprili

Mwanangu,

Salamu hazina matatizo. Tu wazima, mvua imeanza, baba yako ana kazi nyingi na uso wa furaha, maana kila paa linalovuja yeye analiona kama mwaliko.

Umenikalisha kwenye gunia langu mwenyewe. Haya, sikiliza, nikwambie mama yako alivyonifanyia, uone kama ni mimi mwenye kisirani.

La kwanza. Mwaka jana, mwishoni, alisimama dukani kwangu, wateja wamejaa, akauma mkate wa asubuhi, mpya, moto, nimeutoa wakati ule ule. Akautoa mdomoni akasema, "Wifi, mkate wako siku hizi umekuwa mgumu." Mbele za watu! Mikate yangu! Kisha akageuka akaondoka, hata hakuumaliza.

La pili. Kwenye kwaya tumekaa benchi moja miaka yote, bega kwa bega, mimi sauti ya chini, yeye ya juu. Ghafla akahama. Amekwenda kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, na haimbi. Anakaa tu, kitabu amekifunua, midomo ameifumba. Watu wananiuliza mimi, kana kwamba nimemla.

La tatu, hili ndilo lililonikata maini. Nikikutana naye uani anaziba mdomo kwa kiganja. Anaziba kabisa, hivi, mkono wote, ananipa kisogo, anaingia ndani. Ananicheka, mwanangu. Mtu mzima na heshima zake ananichekea kiganjani.

Tangu hapo nina donge hapa kifuani, na hili halichachuki, halivimbi, halifai hata kuoka.

Hata hivyo ahadi ni ahadi, nikajaribu kumwombea. Siku ya kwanza nilisema, "Bwana, mfumbe mdomo." Nikakumbuka ameshaufumba. Siku ya pili nikamwombea afya njema ya miguu, na nilipojipeleleza nikaona nilitaka awe na miguu mizuri ili ahame. Siku ya tatu nikasema, "Bwana, mfunulie makosa yake," nikajisikia vizuri sana, na nilipojisikia vizuri hivyo nikajua hiyo si sala, ni mashtaka. Nimeacha kwanza. Kumwombea mtu jema kunataka ujue jema lenyewe, na huyu sijui anahitaji nini. Sijui tena.

Wewe nimekuombea maji ya bomba.

Shangazi yako

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Maji yametoka tangu Jumatatu, ahsante.

Barua yako nimeisoma jana mchana kazini, nikairudia, nikaacha kusugua meno ya mtu, nikatoka nje kusimama kidogo. Ninachodhani siwezi kukuandikia. Inawezekana nimekosea, na kama sikukosea, basi ni jambo la mwenyewe, si langu kulitangaza. Ila naona haya sana kwa kutoliona mapema, na naomba uniamini bila kuuliza.

Fanya hivi. Nenda kwake, ni hatua za ua tu. Mimi niko mbali, basi linaondoka alfajiri na linafika giza limeingia. Mwulize swali hili moja: "Wifi, unataka nikuombee nini?" Usimwulize habari ya mkate, wala ya kwaya. Na ukienda mchukulie mkate, lakini uukate maganda yote, ubaki ule ulaini wa ndani tu.

Usiniulize kwa nini maganda.

Mpwa wako anayekupenda

3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu, na wewe si mtu wa kutojibu. Hata ukinuna unaninunia kwa maandishi. Baba amenitumia ujumbe unaosema "wote wazima", nikajua umetengenezwa.

Nimefikiri labda ni maganda. Mtu ambaye ganda la mkate wake linasifiwa mpaka mtaa wa nne, nimemwambia alikate alitupe. Naomba radhi kwa jinsi nilivyolisema. Kulisema nalisema tena.

Na mimi nina langu. Siku zote namwambia mama "nakuombea", na ahadi hii tumeiweka mimi na wewe, yeye sikumhesabu. Juzi nikampigia nikamwuliza, mama, nikuombee nini? Akasema, "Niombee shangazi yako," kwa sauti ambayo sikuielewa vizuri, maneno yalikuwa yanapita na upepo. Nikauliza nimwombee nini shangazi. Akakata.

Nimepewa likizo Julai. Naja. Nimeomba nikifika nikute ua mmoja.

Mpwa wako

21 Juni

Mwanangu mpendwa, Bibi Maswali, fundi wangu,

Marahaba, marahaba, na ile ya kabatini pia nimeitoa nimeitumia. Tu wazima wote, na mara hii baba yako hajatengeneza kitu, ni kweli. Kaa chini ndipo usome.

Ulipatia: ni maganda. Nilikasirika kiasi cha kwamba nilioka siku tatu bila kuimba. Kukata maganda! Nikasema huyu mtoto na mama yake wamekula njama. Barua yako nikaipeleka chini ya mfuko wa unga ikae na mwenzake.

Kilichonitoa kwenye hasira hiyo ni kikundi chetu cha Jumatano. Dada mmoja, yule fundi cherehani, alisimama akasema mume wake hana kazi, tumwombee. Mimi kama kiongozi nikafungua kinywa kusema "tutakuombea, mama", kama ninavyosema siku zote. Nikaikumbuka ahadi yetu. Akina mama wananitazama. Nikamwuliza, "Tumwombee kazi gani hasa? Anajua nini?" Akasema anajua kuchomelea. Basi mke wa mwenye gereji si yupo pale pale, benchi la pili? Kabla hatujafumba macho wameshapatana aende Alhamisi. Nikaketi, nikawaza: ya wageni nimeyauliza, na mtu wa ukuta wangu sijui hata amekula nini asubuhi.

Nikarudi, nikachukua mkate, nikaukata maganda pande zote. Nilihisi namvua mtu nguo hadharani. Nikavuka ua, nikapiga hodi.

Akafungua, kiganja mdomoni.

Nikamwambia, "Wifi, nimetumwa."

Akasema nyuma ya mkono, "Na nani?"

"Na binti yako. Au na Mungu, sijui nani alianza. Nimeambiwa nikuulize, unataka nikuombee nini?"

Akautazama ule mkate mtupu niliouvua maganda, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mkono ukamwanguka wenyewe, na mwanangu, pale mbele juu hapakuwa na jino hata moja. Pengo tupu.

Nikasema, "Wifi!" Akasema, "Ndiyo, wifi. Kibogoyo." Na hilo neno lenyewe likatoka limejaa upepo, tukaanza tena kucheka, nikakaa sakafuni.

Kumbe siku ile dukani jino lake la mbele lilikatikia kwenye ganda langu. Mbele za watu vile angesema nini? Akasema mkate mgumu, akakimbia na jino mkononi. Meno ya pembeni yake yalikuwa yanacheza tayari, hospitali wakayang'oa. Kwaya akaihama kwa sababu kila akiimba "asifiwe" inatoka na filimbi. Kiganjani hakuwa ananicheka, alikuwa anajisitiri. Na kaka yangu alijua yote! Aliapishwa. Ndiyo maana ya "mh" zote zile. Nimemnyima mkate siku mbili, sasa nimemsamehe.

Nikamwuliza, "Na binti yako anatengeneza meno, mbona hukumwambia?" Machozi yakamlengalenga. Akasema, "Mtoto wangu anawapa watu wa mbali vinywa vyao. Mama yake nimpelekee hili pengo? Nilitaka akija anikute kama alivyoniacha." Nikamwambia kwamba wewe, mwanangu, umeshajua tangu Aprili, kwa habari ya kiganja tu, na hukumtangaza hata kwangu. Akalia kidogo, akala mkate wote. Ulaini tu, bila chai.

Kwa hiyo Julai njoo na plasta yako na nta yako. Amesema anataka kama yale yake ya zamani, na lile moja lililopinda ulipinde hivyo hivyo, yasije yakamzidi hadhi. Jumapili alirudi benchi letu. Ameimba na filimbi yake, na mchungaji akadhani tumeleta chombo kipya.

Sasa sikia la mwisho, hili silali nikilifikiri. Ilipofika wakati wa kuaga nikasema, "Lakini swali langu hujalijibu. Nikuombee nini?"

Akasema, "Langu limeshajibiwa, wifi. Tangu mwaka jana nilikuwa naomba jambo moja tu kila siku, upige hodi. Mimi nilishindwa kuja. Naona haya."

Mwanangu, nilishika mlango. Miezi yote ile mimi nimekaa kwenye stuli yangu upande huu wa ukuta, nanung'unika kwamba Mungu hajibu upesi, na upande wa pili kuna mtu anangoja kujibiwa, na jibu lenyewe ni mimi.

Nikamwambia, "Sasa mbona Mungu hakuniambia?"

Akajifuta machozi, akanitabasamia na lile pengo lake wazi kabisa.

"Alikuambia, wifi. Ulikuwa umenuna."

Shangazi yako